Kopo la Misumari la Fundi Musau

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, mlioko jikoni, mlioko kibandani na mliokwama kwenye foleni. Leo sauti yangu haina asali. Tangu jana nasikiliza maneno tuliyorekodi kwa familia ya marehemu, na kila nikiyarudia natamani kutema mate. Mtanivumilia.

Tunamkumbuka Musau, fundi wa umeme wa magari kule Kawangware, mkazi wa Mashimoni, Kibera, mume wa Ndunge na baba yake Wanza. Alifariki mwezi wa nne mwaka huu, kwa majeraha ya moto. Nirudie, wapendwa. Fundi wa umeme alikufa kwa moto wa umeme. Na kwa sababu hiyo, hata kabla hajazikwa, watu walishasema kazi yake mbovu ndiyo iliyomuua. Ndunge, mkewe, alikuwa na jambo moja tu la kufanya kabla ya maziko: kulisafisha jina la mumewe.

Musau alitoka Kitui akiwa kijana, akafungua gereji yake ya mabati kule Kawangware, upande wa kuelekea Riruta. Kazi iliyompa jina ilikuwa kufunga feni za umeme kwenye pikapu. Mnajua pikapu za huku kwetu. Zinabeba mzigo mzito na zinakwenda mwendo wa kobe katikati ya watu. Injini ikizunguka polepole, feni yake nayo inazunguka kivivu, na maji ya kupoza injini yanachemka kwenye rejeta. Basi wenye magari wanaing'oa ile feni na kufungiwa mbili za umeme.

Lakini feni ya umeme inakula moto mwingi wa betri. Kwa hiyo Musau aliipa kila feni waya wake mnene na fyuzi yake, shibiri moja kutoka kwenye betri. Fyuzi ni kidude cha plastiki chenye kijiwaya ndani. Umeme ukizidi, kijiwaya kinakatika, feni inasimama, gari linapona. Juu ya kila fyuzi Musau alipaka tone la rangi nyekundu ya kucha, aliyoichukua kwa mkewe bila ruhusa.

"Nilikuwa nanunua rangi, naipata imeisha," Ndunge alituambia, na hapo alicheka kidogo. "Namuuliza, Baba Wanza, ni nani huyo unampaka kucha? Ananiambia, ni pikapu."

Alikuwa na kitu kingine, wapendwa, na naomba mkikumbuke. Lilikuwa kopo la siagi, kubwa, lililotundikwa mlangoni mwa gereji. Ndani yake mlikuwa na vitu alivyovitoa kwenye magari ya watu, vitu walivyochomeka mahali pa fyuzi. Misumari, karatasi za fedha za pakiti za sigara, pini za nywele, hata mpini wa kijiko. Mtu fyuzi yake ikikatika, anachomeka msumari na kwenda zake. Msumari haukatiki, basi anajiona mjanja. Kila mteja mpya alitikisiwa kopo hilo sikioni kabla boneti haijafunguliwa.

Sasa tuje kwa mtu anayeitwa Shiundu. Huyu alibeba matumbo kutoka machinjioni Dagoretti na kuyapeleka Kibera kila asubuhi. Pikapu yake ilinuka hata ikiwa tupu. Sisemi ubaya wa kazi, matumbo sote tunakula. Nasema ubaya wa mtu. Musau alimfungia feni mbili mwezi wa kwanza, na alimwonya mbele ya Ndunge, aliyekuwa amempelekea mumewe chakula.

"Boss, hii feni ikikula fyuzi mara mbili, jua inaumwa. Imeshikwa na matope ama mafuta ya nyama. Usiweke ya tatu. Niletee."

"Sawa fundi, nimeskia," Shiundu alisema.

Alisikia kwa masikio tu. Mvua za mwezi wa tatu zilipokuja, matope na mafuta vilishika feni ya kushoto. Fyuzi ikakatika mara ya kwanza, ikakatika mara ya pili. Gereji ya Musau ilikuwa njiani. Shiundu akaipita.

Asubuhi hiyo moshi ulianza kutoka kwenye boneti pale mtaa wa Raila, Kibera, si mbali na nyumbani kwa Musau. Musau alikuwa anatoka kwenda kazini. Akaiona pikapu, akaijua, akakimbia. Mlango wa dereva ulikuwa mbovu, haufunguki kwa ndani, na Shiundu alikuwa anapiga kioo kwa ngumi. Musau akaufungua, akamvuta, akamtupa kwenye matope. Kisha akarudi kung'oa waya wa betri, kwa sababu kando ya pikapu kulikuwa na nyumba za mabati, na ndani ya nyumba kulikuwa na watu. Akaung'oa. Moto ulishamshika mikono, kifua na uso.

Alilala hospitali siku tisa. Shiundu hakwenda hata mara moja.

Kwenye matanga alikwenda. Akakaa mbele, akala, akasimama kutoa rambirambi. "Marehemu alikuwa mtu poa sana," akasema. "Lakini kazi ni kazi, mtu huteleza. Waya alizifunga mwenyewe. Na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Wasikilizaji wapendwa, huyu ni mtu aliyetolewa ndani ya moto! Asante ya punda ni mateke, tumeisikia tangu utotoni, lakini hata punda hali pilau ya matanga kwanza ndipo apige teke. Mimi nimechefuka, na siombi radhi.

Watu wakatikisa vichwa, wakaamini. Ndunge akainama. Anasema aibu ilimpanda hata akasahau kulia. Aliyemwinua ni Mama Suad, mwenye nyumba wao, Mnubi wa Kibera aliyezaliwa papo hapo.

"Mama Wanza, wallahi, Musau alinifungia stima ya nyumba miaka kumi na mbili, hata balbu haikuungua ovyo," Mama Suad alimwambia. "Hiyo gari bado iko pale Raila. Twende tuione."

Kesho yake asubuhi wakaenda. Pikapu ilikuwa mabati meusi na uvundo, nzi wamejaa nyuma. Ndunge alijifunga leso puani, akainama kwenye boneti. Upande wa betri moto haukuwahi kumaliza kila kitu, kwa sababu mumewe aling'oa ule waya. Fyuzi ya feni ya kulia ilikuwa pale pale, na juu yake tone jekundu la rangi yake ya kucha. Ya kushoto haikuwapo. Mahali pake plastiki ilikuwa imeyeyuka na kugandia kitu. Ndunge akakwangua kwa kisu cha jikoni.

Kilikuwa msumari.

"Sikulia hata hapo," alituambia. "Niliufunga kwenye leso. Nikarudi nao nyumbani."

Mkutano wa mwisho wa matanga ulikuwa jioni hiyo, saa kumi, ua wa nyumba umejaa. Shiundu alikuwa mbele tena. Ndunge akatoka na lile kopo la siagi, alilokwenda kulichukua gereji, akasimama mbele yake. Akamwekea kiganjani ule msumari pamoja na plastiki yake.

"Baba Wanza alikuwa anaweka hizi hapa," akasema. "Hii ni yako. Weka na mkono wako."

Shiundu akatazama chini, akatazama mlango wa ua, na mlangoni alikuwa amesimama Mama Suad. Akadondosha msumari ndani ya kopo. Mlio wa bati uliposikika, Ndunge akasema, "Sasa waambie."

"Ni mimi," Shiundu akasema. "Ilikatika mara mbili. Nikaona matumbo yataharibika. Nikaweka msumari."

Je, mnafikiri hapo ndipo watu walipomrukia? La. Ngoja niwaambie kilichonitia kinyaa kuliko yote. Wanaume wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwenda kwenye magari yao yaliyoegeshwa nje. Magari yaliyokodiwa kumpeleka Musau Kitui! Boneti zikafunguliwa. Na mmoja mmoja wakarudi kwa Ndunge, bila kumtazama usoni, na kila mmoja na cha kwake mkononi. Hao ndio waliotikisa vichwa siku iliyopita.

Musau alizikwa Kitui, na kwenye msalaba wake wameandika "Fundi". Kwa Ndunge, kwa Wanza, kwa Mama Suad na jirani wote wa Mashimoni, kituo hiki kinawapa pole nyingi. Mungu amlaze mahali pema. Nanyi mnaonisikiliza mkiwa kwenye usukani, sina hotuba. Simama mahali salama, fungua boneti, tazama ulichochomeka humo, na ujiulize ni nani atakayekimbia kuja kukutoa.

Gereji ya Musau sasa inashikwa na fundi mwingine, lakini kopo limerudi mlangoni, na Ndunge hupita kila Jumamosi kulitazama. Wiki iliyopita alilikuta limejaa. Akatundika la pili.