Mwalimu Rael na Fomu Thelathini na Moja

Marehemu Mwalimu Rael Ndila Mwendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kangundo, mtoto wa pili wa Mzee Ndambuki na Mama Ndulu. Alikuwa na miaka mitano wazazi wake walipohamia mashamba ya Shimba Hills, na huko ndiko alikoanza shule.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1972, akafundisha Kwale na Msambweni. Mwaka 1989 alianza kusomea shahada kwa njia ya posta, akaipata mwaka 1995.

Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na Bw. Gilbert Mwendwa, mpishi wa hoteli huko Diani. Bw. Gilbert husema kwamba kwa kusikiliza kanda za masomo za mkewe huku akikuna nazi, naye alikaribia kuhitimu.

Mwaka 1996 chuo kikuu hicho kilimkabidhi Mwalimu kituo chake cha masomo ya posta cha Kombani. Wanafunzi walisoma vitabu, wakasikiliza kanda nyumbani, na Jumamosi moja kila mwezi wakakutana na mhadhiri. Juni mwaka huu chuo kilileta fomu za kutathmini mpango huo. Kama kanda zingeonekana zinatosha, Jumamosi zingeondolewa. Wanafunzi wote thelathini na mmoja waliandika kwamba kanda ni nzuri sana.

Mwalimu hakuzituma fomu hizo. Alimwita kwanza mwanafunzi wake Chome, mhudumu wa hoteli, aliyezoea kuchelewa.

"Kanda ya tatu inasema nini, baba?"

Chome alicheka. "Mwalimu, redio ninayo. Betri ndizo sina."

"Na hii 'nzuri sana'?"

"Sasa nitawaandikiaje wakubwa wale kwamba sikuzisikiliza? Si utovu wa adabu?"

"Ukiwakuta njiani, waamkie shikamoo. Kwenye fomu, waambie ukweli."

Alirudia kuzijaza fomu zote, akimhoji mtu mmoja mmoja. Kumi na tisa hawakuwa wamesikiliza hata kanda moja. Walichokijua, walikipata Jumamosi.

Wakati huo saratani ya matiti ilikuwa imekwisha mdhoofisha. Fomu ya mwisho aliiandika Agosti, akiwa amelazwa hospitali ya Msambweni, karatasi ikiwa juu ya sinia la chakula.

Jumatatu, tarehe 9 Novemba, jibu la chuo lilifika. Bw. Gilbert alimsomea kitandani: Jumamosi za Kombani zitaendelea. Mwalimu akamwomba arudie mstari huo. Aliporudia, Mwalimu akasema, "Basi mwambieni Chome asichelewe."

Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1998, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, Bw. Gilbert, watoto watatu, Fridah, Quincy na Maryanne, kaka yake, Johnstone Ndambuki, wajukuu wawili, na wanafunzi thelathini na mmoja. Jumamosi ijayo, tarehe 28, somo litakuwapo Kombani saa tatu asubuhi. Chome ameomba awe ndiye wa kufungua mlango, na ufunguo amekwisha kabidhiwa.

Mola ampumzishe Mwalimu wetu kwa amani.