Sakoshi Zenye Uso Wangu

Gauthier, na wewe Charline, musikilize sauti hii mpaka mwisho kabla ya kunipigia, maana nikikatizwa sitaweza kuanza tena. Ni baba yenu Donat. Niko kitandani, nyumbani Mugunga, ni saa nne ya asubuhi, na jirani yetu mama Uwamariya ameshika telefone karibu na mdomo wangu kwa kuwa mkono hauinuki. Gauthier uko Kampala, Charline uko Butembo pamoja na mama yenu, na barabara ya Butembo vita iliikata. Kwa hiyo nasema na chuma hiki.

Nyumba ni yenu wawili, na musiiuze mama yenu akiwa hai. Makasi makubwa achukue Gauthier. Mashine ya kushona siigawi, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niombe telefone.

Munanijua kwa hasira. Hakuna mutu aliyenifundisha kushona. Nilifumua koti kuukuu la padri, mshono kwa mshono, nikalirudisha lilivyokuwa, na padri akalivaa Jumapili bila kujua. Toka siku ile nikasema kitu kinachotoka dukani kwangu hakitadanganya mutu. Akonkwa, fundi aliyenisaidia dukani, alipoleta bunda la etikete za Italia, vile vitambaa vya jina, ati tuzitie ndani ya sakoshi zetu, mikoba ya kitenge na ngozi, zipate kupendwa, nilimfukuza na pasi ya makaa mpaka barabarani. Akanigeukia akasema, “Muzee, siku moja na wewe etikete itakuvua nguo.” Miaka yote hii sikumsalimia. Mumwambie nimemsamehe, maana alisema kweli.

Mwaka juzi wanunuzi wa Ulaya walisema sakoshi haitaingia tena kwao bila paspoti. Nilicheka sana: mimi sina paspoti, sakoshi yangu inayo. Kumbe ni kale kamraba ka vidoti vyeusi kwenye etikete; ukikapiga picha kwa telefone unaona kitenge kilitoka wapi, ngozi ilitoka wapi, na uso wa mutu aliyeshona. Akaja karani wao, Bénita, akajaza yote kwenye kompyuta, kisha akauliza, “Na mwenyewe ni nani?” Nikajibu ni mimi. Mwenye duka ni mimi, mwenye mashine ni mimi, nikadhani ndicho anachouliza. Akanipiga picha. Mama yenu alikuwa amesimama nyuma yangu, sindano mdomoni.

Sasa musikie. Kwa miaka sita kabla ya siku ile macho yangu yalikuwa yameingia ukungu, na sikuwa nimeshona hata ukingo mmoja. Kila sakoshi ilikuwa ya mama yenu, Kasoki. Mteja akiingia, mama yenu aliinuka kwenye mashine ili mimi nikae, nisiaibike. Ni yeye aliyetaka hivyo, kwa kunipenda.

Charline, ulipotuonyesha kwenye telefone ukurasa wa kale kamraba, ulikuwa umeandikwa: imeshonwa na Donat mwenyewe. Mama yenu akausoma mara mbili, akasema polepole, “Kukufichia hapa nilikubali. Huku ni kuapa, Donat. Mwambie Bénita abadilishe.” Nikamjibu neno ambalo sitalirudia, maana mama Uwamariya anasikia. Kesho yake mukaenda Butembo kwa dada yake, wiki mbili tu, alisema. Kisha barabara ikafungwa. Anashonea kule kwa mashine ya kuazima, sakoshi zinapita mpaka wa Kasindi kwenda Kampala kwa Gauthier azitume Ulaya, na mpaka leo zinatembea na uso wangu na jina la Mugunga.

Gauthier, juma lililopita uliniambia, “Papa, nyamaza tu, wale wazungu wananunua uso wako.” Nimekuelewa, una watoto. Lakini ukurasa ule hubadilishwa na aliyesajiliwa peke yake, akiwa hai. Jana nilimwambia Bénita kila kitu, ni Kasoki, ni Butembo. Alinijibu kwamba watasimamisha mizigo mpaka wachunguze, na pengine wanunuzi hawatarudi. Nikamwambia aandike. Imekwisha, mwanangu. Usimpigie kelele Bénita, wala mama yako.

Mashine ni ya Kasoki. Gauthier, utume gari liichukue, ipitie mpaka wa Bunagana, uipokee Uganda, uizungushe kwa Kasindi mpaka imfikie Butembo. Isafishwe mafuta kwanza. Mimi munizike hapa, bila… ngoja. Maji, mama Uwamariya.

Bila maneno mengi. Mungu awape kazi ya kutazamwa na kila mutu bila ninyi kuinamisha uso. Awalinde njiani. Mupendane hata musipoonana, kama… kama ambavyo mimi sikuweza.

Charline, weka telefone karibu na mama.

Kasoki. Usije kunizika. Njia ni mbaya, na mimi niko salama, majirani wapo, sijambo…

Hapana. Hapo nimedanganya tena. Nyumba ni kimya. Nakutaka… nakutaka uje.