Msingi wa Masatu Wazidi Nyuzi

Kijiwe cha kahawa pale Mwigobero, kando ya ziwa, hakikosagi habari, lakini asubuhi hiyo habari ilikuja imebeba nyundo. Masatu alikuwa njiani kwenda Kitaji kuvunja msingi wa nyumba yake mwenyewe. Jamani! Mtu kahangaikia sementi miaka yote ile ya kununua kwa kibali cha serikali, maduka yamefunguka juzi tu kaipata, kaimwaga yote chini, halafu leo avunje! Akaomba nafasi kwenye benchi, apate nguvu kidogo.

— Kwani nani kakwambia msingi mbovu? aliuliza Wambura, ambaye kijiwe kizima kinamwita Redio.

— Mwalimu hapa. Kaupima jana.

Isidori, mwalimu mstaafu, jina la kijiweni Digrii, akashusha kikombe.

— Nimepima kona moja moja. Nyumba ni pembenne, jumla yake nyuzi mia tatu na sitini. Ya huyu inatoka mia tano na arobaini!

— Mama yangu! Hiyo ni sementi ya nje, bwana. Inavimbaga. Ile ya vibali ilikuwaga na adabu.

— Sementi haifanyi hivyo, Redio. Ni ziwa. Linavuta ardhi ya Kitaji, pembe mraba zinafunguka, zinakuwa butu. Mbili tayari ni butu kabisa.

— Basi mwezi ujao zitanyooka, nyumba iwe barabara!

— Zitapita hapo, zipinde kwa nje. Masatu, utalala chumbani uamkie uani.

Masatu hakucheka. Alikuwa anawaza atamwambiaje mke wake, na mara mwenyewe huyo, Boke, anatokea sokoni, beseni la dagaa kichwani.

— Shikamoo Mwalimu. Baba Mniko, nyundo ya nini?

Wakamweleza wote kwa mpigo. Boke akatua beseni.

— Kwani nyumba yetu ina kona ngapi?

Digrii akaanza kuhesabu kwa vidole.

— Si tulikata kona moja kupisha njia ya ng'ombe? Boke aliongeza.

Masatu akachukua mkaa wa kwenye jiko la kahawa, akachora msingi juu ya benchi. Kona tano! Digrii akamnyang'anya mkaa, akaukata mchoro kwa mistari miwili, zikatoka pembetatu tatu, kila moja nyuzi mia na themanini.

— Mia tano na arobaini, alisema kwa sauti ndogo. Pembetano. Nilikuwaga nafundisha mwenyewe! Na ukikata kona mraba, lazima upate butu mbili. Nilihesabu nyuzi, sikuhesabu kona. Nisamehe, ndugu yangu. Msingi wako mzima.

Masatu akaisukuma nyundo chini ya benchi. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaagiza kahawa kwa kijiwe kizima, hata kwa Digrii aliyemtesa usiku kucha.

— Sasa Mwalimu, Boke akasema, kwenye huo ukuta wa mshazari kitanda kitakaaje?

Digrii akaushika tena mkaa.

— Kitakaa vyovyote, Mama Mniko, Masatu alisema. Mradi msingi hauvunjwi.