Sosthène Bagalwa, Mwalimu wa Kemia Aliyefunga Siku Tatu

Ndugu, majirani na waumini mliokuja katika theluji hii, Vestine, mke wa marehemu, ndiye aliyeyaandika haya, akamwomba shemeji yake Pacifique ayasome kama yalivyo, asipunguze.

Sosthène alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Kaziba, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu wa Mzee Bagalwa na Mama Ernestine, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha sekondari Bukavu, upande wa biolojia na kemia, akapata diploma ya serikali mwaka 2003, akafundisha Uvira hadi vita vilipomfukuza mwaka 2008.

Katika kambi ya Nakivale, Uganda, alifundisha bila maabara, anachemsha maua ya choya, yale mekundu ya kutengenezea juisi, anatia ndimu maji yanakuwa mekundu zaidi, anatia maji ya majivu yanageuka kijani, watoto wanapiga kelele, naye anawaambia, msishangae, damu yenu iko hapo katikati, ikisogea kidogo tu upande wa ndimu, upande wa asidi, mtu hayupo.

Alimwoa Vestine tarehe 18 Desemba 2010, wakamzaa Héritière tarehe 2 Oktoba 2011, wakafika Minnesota tarehe 22 Januari 2014, wakapanga Columbia Heights, akafanya kazi ya usafi hospitalini Maplewood, na Bonheur akazaliwa hapa tarehe 9 Juni 2015.

Mwaka 2016 alipatikana na ugonjwa wa sukari, ule wa kuishi kwa sindano ya insulini, na hadi Januari hii hakukosa sindano hata siku moja. Tarehe 19 Desemba 2017 Héritière naye akapatikana nao, baba yake akaingia mfungo wa kumwombea, tarehe 8 hadi 10 Januari, bila chakula wala maji. Vestine alimwuliza, na sindano je, akajibu, Mama Héritière, nisipokula nikajidunga nitaanguka, sukari itatoka wapi, na kwa kuwa yeye ndiye mwalimu, Vestine akakubali aziache sindano.

Siku ya tatu alitapika, akahema kwa nguvu, waumini wengine wakasema anashindana katika roho, Vestine akaita ambulansi, Sosthène akafariki Alhamisi tarehe 11 Januari 2018, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na mitatu.

Daktari alieleza kwamba ini hutengeneza sukari hata mtu asipokula, lakini bila insulini seli haziwezi kuipokea, zinachoma mafuta, mafuta yanaacha asidi, na asidi ikajaa kwenye damu. Seli hazifungi mfungo. Sosthène aliyajua haya, alikuwa ameyafundisha.

Kwa hiyo hakulogwa, hakupewa sumu, wala hakupungukiwa imani, na familia inaomba, kwa heshima, asitokee mtu wa kumwambia Héritière aache sindano ili aombewe, aombewe na adungwe, mama yake anaogopa sana, msimwongezee.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Columbia Heights waliopika, na wafanyakazi wenzake wa Maplewood.

Sosthène, lala kwa amani, mtoto amedungwa, amekula.