Basil Teodori Sichalwe na Mkataba wa Gati

Leo Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa nne asubuhi, hapa Kate, kukiwa na baridi na upepo mkavu, familia inawasomea historia ya mpendwa wetu, Basil Teodori Sichalwe.

Marehemu alizaliwa hapa Kate tarehe 3 Machi 1961, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Sumbawanga, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu shahada mwaka 1986, na mwaka uliofuata akaajiriwa serikalini katika mambo ya nje. Tarehe 21 Julai 1990 alifunga ndoa na Fransiska, wakajaliwa watoto wawili, Zita na Vitus.

Kazini, wajumbe wa mataifa makubwa ya mbali aliwapokea siku moja, mmoja asubuhi na mshindani wake alasiri, kwa viti vilevile na chai ileile, na nchi jirani kubwa ya ng'ambo ya ziwa aliijulisha yeye mwenyewe habari za wageni hao kabla uvumi haujavuka maji.

Mwaka 2019, taifa moja lilitaka kutujengea gati ziwani, pamoja na wodi ya wazazi hapa Kate, kwa sharti kwamba kwa miaka thelathini chombo cha nchi hiyo jirani kisitie nanga bila kibali cha taifa hilo. Marehemu alishauri mkataba usitiwe saini, ushauri ukakubaliwa, wageni wakaondoka na vyote viwili. Baba yake mdogo, Mzee Leonsi, ambaye mkwewe alijifungulia njiani mwaka uleule, alimwambia mbele ya watu, "Mwanangu, umemrudisha mgeni na ng'ombe wake."

Akajibu, "Baba mdogo, ng'ombe alikuja na kamba, na kamba ilikuwa ya shingo zetu."

Haikusaidia. Kijiji kilimsusa, na mama yake, Mariana, alipofariki Agosti 2020, kaburi lilichimbwa na vibarua kutoka Namanyere.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2022, akatibiwa Sumbawanga na Mbeya, hadi Jumanne tarehe 10 Juni, saa kumi na moja alfajiri, alipofariki nyumbani kwake Chanji, mjini Sumbawanga. Alikuwa amemwambia mkewe, "Mnizike kando ya mama. Watu wa Kate wasipokuja kuchimba, msitafute vibarua, mnizike mjini." Familia ilimpelekea Mzee Leonsi taarifa ya msiba na maneno hayo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Chanji, watumishi wenzake waliosafiri kutoka Dodoma, na watu wa Kate, ambao jana kulipopambazuka walimfuata Mzee Leonsi makaburini wakiwa na majembe. Basil, pumzika kwa amani kando ya mama yako, kaburi lina futi sita, na walioshika jembe walikuwa thelathini na wanne.