Kompresa ya Mjane wa Sponji

Benchi letu liko mbele ya banda la Kinyozi, ukuta mmoja tu na uani kwa marehemu Sponji, fundi makochi. Kompresa yake, ile mashine ya kushindilia upepo wa kupigia pini kwenye makochi, ilipasuka mchana kweupe akiwa ameiinamia. Tumemzika juzijuzi tu. Mkewe ameamua kuendelea na kazi palepale nyumbani, na jana alimwomba Waya, fundi umeme, amsaidie kuchagua kompresa nyingine. Waya naye, badala ya kwenda dukani, akaileta hoja kijiweni.

— Achukue yenye mtungi mkubwa, akasema mzee Breki, dereva mstaafu. Ya marehemu ilikuwa ndogo, ikashiba, ikapasuka. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali ni ya akiba, mzee, Kinyozi akasema.

— Kwani upepo si akiba?

Waya akatikisa kichwa.

— Mtungi si hoja, hoja ni mota. Mota ikizidi nguvu nyaya za nyumba, balaa. Na nyaya za nyumba ile nazijua, nilizifunga mimi.

— Kumbe ni wewe! akadakia Kinyozi.

— Chunga mdomo wako.

Kicheko kilianza, kikafia njiani. Muuza kahawa aliyekuwa akipita akatumiminia vikombe.

— Nilikuwa natania, Kinyozi akasema. Mimi ningemchagulia isiyo na kelele. Ile ilikuwa ikinguruma mpaka kichwa cha mteja kinatetemeka mkononi mwangu.

— Thubutu! Kimya kingi kina mshindo mkuu, Breki akamkata. Hiyo ya kimya ndiyo inayoua.

— Mzee, hata yenye kelele imeua, Waya akasema.

— Basi iliyoipasua ni gundi, Kinyozi akasema. Uani mle pananuka gundi tupu. Mashine ikavuta ule mvuke, ukageuka petroli ndani. Anunue yoyote, aipandishe juu ya bati ivute hewa safi.

— Jua liipike? Waya akauliza.

— Basi aizike! Aifukie, bomba tu ndilo litokeze. Ikipasuka, ipasukie hukohuko chini.

Neno lile la kuzika lilitufanya tugeuke kuangalia ukuta wa Sponji. Hapo ndipo tulipomwona mke wa Sponji amesimama pembeni, vidole vimegandwa na gundi.

— Shikamoo mzee. Habari zenu, shemeji zangu.

— Marahaba, mwanangu. Karibu ukae.

Hakukaa.

— Nimetoka dukani. Kuna ndogo mpya, lakini kwa kazi ya makochi itachoka upesi. Kuna kubwa iliyotumika, imepakwa rangi ya bluu, inapendeza. Muuzaji anaapa ni nzima.

— Hiyohiyo kubwa! Breki akasema. Si nimewaambia?

— Ya mume wangu nayo ilipakwa rangi, mzee. Mafundi walioikagua baada ya kupasuka walinionyesha kipande. Maji yalikuwa yakituama ndani, chuma kikaliwa na kutu mpaka kikawa chembamba kama ganda la yai. Nje ilikuwa iking'aa.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Sasa niambieni. Hiyo ya dukani nitajuaje ndani ikoje?

Kinyozi akapuliza nywele kwenye mashine yake isiyo na nywele.

— Nitaulizia, shemeji, akasema Waya, aliyeombwa.

— Utamuuliza nani?

Mama wa watu alisubiri, kwa adabu, mpaka sisi tukaona aibu.

— Haya, si neno. Kuna kochi la watu linaningoja.

— Utalifunga na nini bila pini za upepo? Waya akauliza.

— Nyundo na misumari midogo.

Akaondoka. Punde tukasikia nyundo nyuma ya ukuta: pigo, pigo, kisha sauti ya mtu aliyejigonga kidole. Tukangoja. Nyundo ikaanza upya, polepole, na muuza kahawa akapita na birika lake asipate hata mmoja wa kunyoosha kikombe.