Nekesa Aulizwe kwa Mikono

Risala ya wafanyakazi wa ukumbi wa vinu, Kiwanda cha Sukari cha Eshirongo, Kakamega, kwa Mkurugenzi Mkuu. Imesomwa na Titus Osundwa.

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu Mkuu Bi. Jepkoech, wakuu wa idara, viongozi wa chama na wafanyakazi wenzetu, mulembe.

KARIBU KWETU

Tumefurahi kukuona humu ndani, mahali ambapo wageni wengi huishia mlangoni, wakaziba masikio na kurudi ofisini. Leo vinu vimezimwa kwa heshima yako. Utusamehe tukionekana kama watu walioamshwa usingizini, kwa kuwa kimya hiki hatujakizoea.

TULIKOTOKA

Vinu vikizunguka, hakuna sauti ya mwanadamu inayosikika humu. Zamani tulipiga kelele hadi makoo yakakauka, na bado mtu akiambiwa fungua, anafunga. Kisha akaajiriwa Nekesa, kiziwi tangu utotoni, kufagia makapi ya miwa. Tulimwonea huruma. Haukupita muda tukagundua kwamba humu ndani sisi ndio wa kuhurumiwa, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa na lugha inayofaa mahali hapa.

Alitufundisha lugha yake ya ishara wakati wa chakula, tonge la obusuma, ugali wetu, mkono mmoja, neno mkono wa pili. Ukweli usemwe: tulianza na matusi, ndipo tukafika kwenye majina ya mitambo.

TUNAYOJIVUNIA

Siku hizi ukisimama pale juu kwenye ngazi, mvuke ukipanda, unaona mikono tu ikielea. Mmoja anamuuliza mwenzake mtoto ameamkaje, mwingine anaomba msaada kwenye mkanda wa miwa, mwingine anamwomba Mungu. Wakristo na Waislamu tunaanza zamu kwa dua moja, kila mtu akiimalizia kwa namna yake. Tuko Wawanga, Waidakho, Wakisii, Wajaluo na Wanandi, na kwa mikono hakuna anayechekwa kwa kuliita lori "roli". Mume wa Roda, mama wa kinu cha pili, amelalamika kwamba mkewe huota kwa mikono, na kofi la pua ameshalionja.

Mwenzetu Cornelius aliota soko zima la Kakamega limenyamaza. Watu wananunua ndizi, wanabishana bei, wanasalimia wagonjwa wao waliotoka Iguhu hospitalini, yote kwa mikono, na hakuna aliyesimama pembeni asijue kinachosemwa. Alipotuhadithia, kila mmoja alianza kuongeza mtu wake ndani ya soko lile: shangazi, jirani, mtoto wa dada. Sasa ndoto hiyo ni yetu sote, na tunaipenda.

YANAYOTUSUMBUA

Mzee Elkanah, msimamizi wetu wa zamu, alipostaafu, Nekesa alishika nafasi yake kwa muda. Zamu haikuyumba. Hatusemi apewe cheo kwa sababu aliokoa maisha ya mtu. Hajaokoa mtu. Anaijua kazi, anatugombeza inapobidi, na tunamtii.

Nafasi ilipotangazwa aliomba. Akaitwa kwenye mahojiano, akaulizwa maswali kwa mdomo. Roda alienda kubisha mlango ili ajitolee kutafsiri, akajibiwa, "Mama, hapa sisi hatuitangi wakalimani. Hiyo haiko kwa bajeti." Alirudi kwetu akilia. Matokeo yalipobandikwa, mbele ya jina la Nekesa yalikuwa maneno mawili: hakujibu maswali.

Mgeni rasmi, maneno hayo yalituuma. Nekesa aliyasoma, akatazama chini, akaenda kuvaa kofia yake ya kazi. Jumatatu anakuja msimamizi mpya kutoka nje. Hatumchukii, wala hatumjui. Atatuita kwa sauti, nasi hatutamsikia.

OMBI LETU

Leo umekuja kuzindua ubao wa langoni unaosema kwamba kiwanda hiki humwajiri na kumpandisha kila mtu kwa haki. Ubao ni mzuri, na rangi imekaa vyema. Tulikuwa tumeandaa maombi mengi: buti, maji ya kunywa, choo cha akina mama. Choo kisisahaulike, lakini mengine tumeyaweka kando tubaki na moja.

Tunaomba Nekesa aulizwe upya maswali yale yale, hapa hapa, kabla ya chai, na Jumatatu isubiri majibu yake. Asipoyajua, mwambie hajui, nasi tutanyamaza na kumpokea huyo anayekuja. Tunaloliogopa ni kwamba kiwanda kimeshamkataa mtu ambaye hakijawahi kuzungumza naye. Mkalimani asikusumbue akili. Sisi sote tulioketi mbele yako ni wakalimani, na bajeti hatuitaki.

BARAKA

Mwenyezi Mungu akuzidishie hekima, ailinde nyumba yako, akufikishe salama uendako. Maneno yetu yamekwisha. Nekesa ameshasimama mbele yako, anangoja swali la kwanza.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Ukumbi wa Vinu, zamu zote,
Kiwanda cha Sukari cha Eshirongo.